Pini Tatu Sio Saundi: Mastaa, Acheni Kutupiga na Nyaya za Balansi

Leo sina habari ya nani kaachana na nani, wala nani kashuka kwenye gari la nani. Leo nina hasira na waya.

Ile klipu mmeiona. Msanii mmoja, simtaji kwa sababu mnamjua na kwa sababu wanasheria wake wana muda mwingi kuliko mimi, kajirekodi sebuleni kwake. Spika ndefu kama mlango. Anachomoa waya mmoja, anachomeka mwingine wenye pini tatu, anashika kifua na kusema, "Sikieni sasa! Hii ndo balansi!" Muziki unatoka mkubwa zaidi, watu wanamwaga moto kwenye komenti, na chini kuna namba ya duka. Jozi moja laki mbili na nusu. Siku mbili mbele, dada mmoja wa mitindo ambaye mpaka juzi alikuwa anatuuzia mafuta ya nywele naye kaja na nyaya zilezile. Wiki haijaisha, mtangazaji mmoja anatuambia kwamba kama nyumbani huna nyaya za balansi basi "unasikiliza vumbi."

Vumbi! Mtu kalipa kodi ya chumba, kanunua sabufa yake kwa jasho, anaambiwa anasikiliza vumbi.

Msimamo wangu ni huu: nyaya za balansi ni kitu kizuri sana, na ndo maana inaniuma zinavyouzwa kwa uongo. Zina kazi yake maalumu, na kwa wengi wetu kazi hiyo haipo sebuleni. Anayekuuzia bila kwanza kukuuliza nyuma ya mashine yako kuna matundu gani, huyo hakuuzii saundi. Anakuuzia plagi.

Kabla hamjaja na "wewe nani," nijibu kabisa. Nimeishia kidato cha nne, sina cheti cha umeme wala cha studio. Niliyonayo nimeyapata kwa kukaa na mafundi, kusoma usiku bando likiwa bei rahisi, na kufungua vitu kwa bisibisi. Hakuna ninachokisema hapa ambacho fundi yeyote mkweli atakikataa. Muulizeni wa kwenu.

Haya, tuelewane kwanza, maana hawa mabosi wetu wanauza kitu wasichoweza kukieleza. Sauti ikiwa ndani ya waya ni umeme mdogo sana. Waya wa kawaida wa nyumbani, ule wa vichwa vyekundu na vyeupe, wa RCA, una njia mbili. Katikati unapita muziki, na kuuzunguka kuna wavu wa shaba unaofanya kazi mbili kwa mpigo: kukinga kelele na kurudisha umeme ulikotoka ili mzunguko ukamilike. Hizo herufi ni kampuni ya Marekani, Radio Corporation of America, na plagi yenyewe ni ya miaka ya 1930. Ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vinavyokaa karibu karibu, kwenye kabati moja, kama redio na gramafoni. Shika hilo neno "karibu", tutalirudia.

Waya wa balansi una njia tatu. Wavu wa kukinga umekaa peke yake, kazi yake ni kukinga tu. Ndani kuna nyaya mbili zilizosokotana. Mara nyingi mmoja unabeba muziki, na wa pili unabeba muziki uleule uliogeuzwa juu chini. Sasa kelele ikivamia njiani, toka kwenye feni, toka kwenye chaja, toka kwenye waya wa umeme uliopita ukutani, inaingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile. Kule mwisho, mashine inayopokea haiangalii waya mmoja mmoja. Inaangalia TOFAUTI kati ya huu na huu. Kelele iko sawa kwenye zote mbili, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri, imekufa. Muziki uko kinyume, kwa hiyo unabaki. Neno balansi limetoka hapo: nyaya mbili zinatendewa sawa, hakuna mtoto wa kambo.

Ni akili kubwa, na sio mpya hata kidogo. Alexander Graham Bell, huyohuyo wa simu, alipewa hataza ya nyaya mbili za kusokota kule Marekani mwaka 1881, kwa sababu nyaya za simu zilikuwa zinaokota kelele njiani. Na ile plagi ya pini tatu, XLR, wengine wanaiita kanoni. Jina hilo lina mwenyewe: James Cannon, aliyeanzisha kampuni yake ya Cannon Electric kule Los Angeles mwaka 1915. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni "teknolojia mpya imeingia mjini," mwambie babu yake na babu yako hawajazaliwa ilikuwepo.

Sasa rudi juu usome tena. Kelele inauawa wapi? Wengi wanajibu "kwenye waya." Hapana. Inauawa ndani ya MASHINE INAYOPOKEA, pale inapotafuta tofauti. Waya unabeba tu. Kama amplifaya lako halina sakiti ya kutafuta hiyo tofauti, au kifaa kinachotoa muziki hakina tundu la balansi, unaweza kununua waya wa milioni na ukawa umenunua tiketi ya SGR ya kwenda Lindi. Tiketi ipo, reli hakuna.

Geuza sabufa yako. Nyuma kuna nini? Tundu jekundu na jeupe, labda na kitundu kidogo cha jeki ya simu. Wewe mwenyewe muziki wako unautoa kwenye simu kwa Bluetooth, ambapo hakuna waya kabisa. Balansi ya nini hapo? Ni sawa na kumnunulia samaki mwavuli.

Hapo ndipo wanapokuja na ujanja wa pili: adapta. "Usijali mdogo wangu, tunakupa na kichwa cha kugeuza, upande huu XLR, upande huu RCA." Fungua hicho kichwa uone. Mara nyingi pini ya tatu imeunganishwa na pini ya kwanza, yaani ule waya wa pili umefungwa kamba na wavu. Muziki utapita, sikatai. Ila balansi imeishia hapohapo, umerudi kwenye waya wa RCA ule ule wenye nguo za gharama.

Na hata mashine yenye matundu ya XLR nyuma usiiamini kwa sura. Zipo za nyumbani zimewekewa tundu hilo kwa sababu linavutia mnunuzi, ila ndani, hatua ya kwanza tu, sauti inageuzwa kuwa ya kawaida na kupita njia ileile inayopita ya RCA. Sio dhambi, kelele ya njiani itakuwa imeshakatwa pale pale mlangoni. Ila usidanganywe kwamba sasa unasikiliza "mfumo mzima wa balansi."

Sasa tuje kwenye ile klipu, maana kuna watu wataniandikia: "Mbona tumesikia tofauti kwa masikio yetu?"

Mmesikia. Sauti imepanda. Kwenye vifaa vingi vya nyumbani vya hali ya juu, tundu la RCA linatoa kama volti 2, na tundu la XLR la kifaa hichohicho linatoa kama volti 4. Mara mbili yake, mafundi wanaita desibeli 6. Kwa hiyo ukichomoa huu na kuchomeka ule bila kugusa kitufe cha sauti, muziki unaruka juu wenyewe. Na sikio la binadamu lina udhaifu mmoja: kitu kikisikika kwa nguvu zaidi, linakiona kitamu zaidi. Besi inajaa, vitu vidogo vidogo vinajitokeza. Wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, waliyachora hayo kwenye karatasi mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linaikosa besi kuliko vitu vingine, na ikipanda besi inarudi. Yule msanii wetu angeweza kupandisha kitufe kidogo tu akapata hiyo "balansi" bure.

Kama kweli unataka kujua waya gani mzuri, sawazisha sauti kwanza. Fundi anaweka mlio mmoja usiobadilika na kupima volti pale kwenye spika kwa mita yake, anarekebisha mpaka namba ziwe sawa kwa nyaya zote mbili. Halafu mtu mwingine anabadilisha huku wewe huoni, mara nyingi, sio mara moja. Ukipatia kila mara, nitakuvulia kofia. Nimewaomba watu watatu wa maduka wanifanyie hivyo. Mmoja alicheka, mmoja akasema yuko bize, wa tatu akaniuliza kama nimetumwa.

Kitu hiki wenzetu walishakijaribu kwa pesa ya maana. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyegeuka kuwa mfichua matapeli, aliweka mezani dola milioni moja kwa yeyote atakayeonyesha kwa jaribio la kuficha macho kwamba waya fulani wa spika uliokuwa unauzwa zaidi ya dola 7,000 unasikika bora kuliko waya wa kawaida mzuri. Milioni ya dola, wadau, kwa kusikiliza muziki tu! Zawadi yake ilifungwa mwaka 2015 bila mtu kuichukua.

Na kuna jambo linanichekesha mpaka leo kwenye hii biashara yote. Ile klipu imerekodiwa na maiki ya simu, ikabanwa na mtandao ili iwe nyepesi, halafu wewe umeisikiliza kwa spika ya simu yako yenye ukubwa wa punje ya mchele, ukiwa kwenye daladala ya Mbagala. Na bado ukaandika "daah tofauti ipo wazi." Jamani.

Nisionekane napinga kila kitu. Balansi ina kwao, na ukiwa kwao, usiichezee. Nenda Leaders Club kwenye shoo. Jukwaa kule, mikisa huku katikati ya watu, nyaya zinatambaa makumi ya mita zikipishana na nyaya za taa na jenereta. Maiki inatoa umeme mdogo kuliko hata wa redio, unakuja kukuzwa baadaye, na kelele yoyote iliyoingia njiani inakuzwa nao. Hapo bila balansi ungesikia jenereta linaimba pamoja na msanii. Kanisani hivyohivyo, msikitini hivyohivyo, ukumbi wa harusi hivyohivyo.

Na nyumbani wapo wanaoihitaji. Nyie madogo mnaotengeneza biti chumbani, nawasema nyie. Una kompyuta, una kadi ya sauti ya nje kama Focusrite Scarlett 2i2, una spika za studio zenye umeme wake ndani kama Yamaha HS5. Kadi hiyo ina matundu ya balansi ya kutolea, spika hizo zina matundu ya balansi ya kupokelea. Reli ipo pande zote mbili! Tumia waya wa balansi, jeki yenye mistari miwili kwenye shingo upande mmoja, XLR upande wa pili. Kompyuta ni mashine yenye kelele nyingi za umeme, na ile sauti ya "krrr" unaposogeza mausi mara nyingi inakufa hapo hapo. Ukitumia jeki ya mstari mmoja umetupa balansi uliyoilipia tayari kwenye vifaa.

Vilevile kama amplifaya liko kona hii na spika zenye umeme ziko kona ile, waya unakimbia mita saba, nane, kumi, chini ya zulia sambamba na waya wa umeme. Pande zote mbili zina matundu? Weka balansi. Ila kama deki iko juu na amplifaya liko chini yake, waya nusu mita, na hausikii mvumo wowote, RCA yako inatosha mpaka uzeeke. Huwezi kutibu ugonjwa ambao haupo.

Tena hao wanaoihitaji hawahitaji ya laki mbili na nusu. Waya wa kawaida wa maiki, uliochomelewa vizuri, wenye plagi imara, ndio uleule unaotumika stejini na kwenye studio ambako hizo nyimbo unazozisikiliza zilirekodiwa. Hebu fikiria hilo kidogo. Wimbo umepita kwenye waya wa maiki wa kawaida toka mdomoni mwa msanii, umepita kwenye nyaya za studio za kawaida, halafu mita moja ya mwisho sebuleni kwako ndo iwe na maajabu?

Mpaka hapa tungekuwa tunaongelea hela tu, na ya mtu kupigwa hela tungecheka tukaendelea. Kilichonifanya nikae chini niandike yote haya ni jirani yangu mmoja, kijana anauza chipsi. Kanunua amplifaya la mtumba, la chuma, zito, lina plagi ya pini tatu. Analiunganisha na laptopu yake, na kuna mvumo, ile "mmmmm" ya chini isiyokata hata muziki ukisimama. Kaiona klipu. Kachukua nyaya za balansi na adapta, laki moja na themanini baada ya kubembeleza. Kafunga. Mvumo uko palepale, kwa sababu amplifaya lina RCA tu, na adapta imeshaua balansi. Karudi kwenye klipu kuuliza. Mtu mmoja kamjibu: "Kata ile pini ndefu ya juu kwenye plagi, mvumo unaisha." Na yule msanii wetu, mwenye wafuasi wote wale, akaja akaweka alama ya kupenda kwenye hiyo komenti.

Jirani akakata. Mvumo ukaisha kweli. Ndo ubaya wa ushauri ule: unafanya kazi.

Ile pini ndefu ni ya ethi, inashika waya wa kijani na njano. Siku zote haifanyi kitu, mpaka siku moja waya wa moto ndani ya mashine ulegee na uguse bodi la chuma. Ethi ikiwepo, umeme wote unakimbilia huko kwa nguvu, fyuzi inakatika, mashine inazima, wewe unalaani Tanesco halafu unaenda kulala. Ethi ikiwa imekatwa, fyuzi haipati sababu ya kukatika. Bodi lote linabaki na volti 230 likisubiri mkono. Na sio amplifaya peke yake: kila kilichounganishwa nalo kwa waya wa sauti, wavu wake unagusa bodi hilo. Laptopu. Maiki ya karaoke. Mdomo wa mtoto kwenye maiki ya karaoke.

Msiseme natisha. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alikufa kwa umeme jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 alipogusa maiki, na chanzo kilikuwa ethi isiyo sawa. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa mwaka 1976 NYUMBANI KWAKE akipiga gitaa, vifaa havikuwa na ethi ya kueleweka. Hao walikuwa watu wa kazi, wameshika nyaya maisha yao yote. Wewe na mimi na plagi tuliyoikata kwa wembe tuko wapi?

(Usichanganye. Vipo vifaa vinavyokuja na pini mbili toka kiwandani, vina alama ya mraba ndani ya mraba. Hivyo vimetengenezwa na kinga mbili ndani ili vifanye kazi bila ethi, viko salama hivyohivyo. Ninachokisema ni kile kilichokuja na tatu ukakifanya mbili. Na nyie mnaochomeka kalamu kwenye tundu la juu ili pini mbili iingie, nawaona, siku yenu inakuja na makala yenu.)

Nilienda kwake jioni, tukafunga plagi mpya, bei yake haifiki hata chipsi mayai mbili. Mvumo ukarudi. Nikamwambia chomoa chaja ya laptopu, itumie betri. Kimya! Hapo unajua kabisa: laptopu ina ethi yake kupitia chaja, amplifaya lina ethi yake, na waya wa sauti umeziunganisha, pamekuwa na duara. Umeme mdogo unazunguka kwenye hilo duara mara 50 kwa sekunde, ndo hiyo "mmmm." Tukahamishia vyote kwenye ekstensheni moja, soketi moja, badala ya kona mbili za chumba. Ukapungua mpaka ukawa wa kutega sikio. Kama angetaka uishe kabisa, kuna kiboksi kidogo chenye transfoma ndani, kinawekwa katikati ya waya wa RCA, muziki unapita kwa sumaku bila nyaya kugusana. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile laki na themanini.

Na kwa wenye balansi ya kweli, fundi ana njia ya halali ya kukata hilo duara: anaachanisha wavu, pini ya kwanza, upande mmoja tu wa waya wa sauti. Muziki haujali kwa sababu unasafiri kwenye pini ya pili na ya tatu, na ethi ya umeme haijaguswa. Huo ndo uzuri wa balansi ambao hakuna staa hata mmoja aliyeutaja kwenye matangazo yake.

Nimeshaona kwenye DM mmeanza: "wivu tu, wewe una spika gani?" Nina spika za kawaida, asante kwa kuuliza. Wengine mnasema msanii anatafuta riziki, mwacheni. Riziki sawa, auze. Ila aseme amelipwa, na aseme nyaya hizi ni za nani na sio za nani. Angesema "kama spika zako zina tundu la pini tatu na kadi yako ina tundu la balansi, njoo dukani," nisingeandika hata mstari mmoja. Na hiyo alama ya kupenda kwenye komenti ya kukata pini aiondoe leo. Hilo sio ombi la wivu.

Ukiwa Kariakoo na umeshajiridhisha kwamba unaihitaji, mambo machache. Fungua plagi pale pale dukani, muuzaji akikataa ondoka. Ndani lazima uone nyaya mbili na wavu, kila kimoja kwenye pini yake. Ukikuta waya mmoja tu, na pini ya kwanza na ya tatu zimefungwa pamoja, hiyo ni RCA iliyovaa kanzu ya XLR. Nenda na sumaku ndogo: shaba haishikwi na sumaku, ukiona nyuzi za waya zinavutwa ujue ni chuma kilichopakwa rangi. Dhahabu kwenye plagi usiidharau sana, huku pwani hewa ya chumvi inakula vyuma, na dhahabu haili kutu, lakini haiongezi besi. Ile mishale ya "muziki uelekee huku" icheke tu, umeme wa muziki unaenda na kurudi mara maelfu kwa sekunde. Na waya wa maiki usije ukautumia kupeleka umeme toka amplifaya kwenda kwenye spika za kawaida. Hiyo kazi inataka waya mnene, kuanzia milimita za mraba 1.5 hivi, na balansi haihusiki kabisa hapo.

Haya, komenti ziko wazi. Usiniandikie waya gani unao. Geuza mashine zako, ile inayotoa muziki na ile inayopokea, piga picha ya matundu ya nyuma yote mawili, weka hapo chini na useme kama unasikia mvumo au husikii. Nitapita jioni nikitoka kazini, na najua humu ndani kuna mafundi wasiopenda kujitaja. Tuangalie pamoja kabla hujatoa hata mia.